Kuiga, kughushi, kuiba: somo la maneno kutoka chumba cha michezo cha Kakanda

Wakati wa likizo ndefu iliyopita mdogo wangu alipoteza akiba ya miezi saba, na sehemu ya kosa ilikuwa kitenzi kimoja. Kitenzi hicho nilikichagua mimi, mwanafunzi wa isimu wa familia, ambaye nyumbani wanamwamini katika mambo ya maneno. Makala haya yanaeleza yaliyotokea, kisha yanachambua kundi dogo la maneno ya Kiswahili: asili, nakala, bandia na mwigo. Mfano wangu ni mashine za michezo ya zamani ya video. Lakini swali linamhusu kila anayetafsiri maelezo ya ufundi kwa mtu atakayetoa pesa yake mfukoni kwa kuyafuata.

1. Swali lilivyokuja

Nyumbani kwetu ni Kakanda, upande wa Likasi, katika nchi ya shaba na kobalti. Mdogo wangu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Ana chumba cha michezo uani kwa mama: televisheni ya zamani yenye mgongo mnene, mabenchi mawili, manete mbili na PlayStation 2 iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika. Mchana wateja ni watoto wa mtaa. Jioni ni vijana wanaotoka kazini. Wanalipa kwa mechi. Pesa hiyo inalipa minervale yake na, nisifiche, sehemu ya kodi ya chumba changu Lubumbashi. Kwa hiyo lenzi ya mashine ilipochoka na kuacha kusoma CD, tatizo lilikuwa letu wawili.

PlayStation 2 nyingine nzuri kwa bei yake haikupatikana. Zikabaki njia mbili. Ya kwanza ni sanduku lililo tayari, lenye michezo ya zamani mia kadhaa ndani yake: unaliunganisha na televisheni, unacheza. Ya pili ni kujitengenezea: kompyuta kuukuu ya ofisini, manete mbili za USB, na programu ya bure inayoiwezesha kompyuta kuendesha michezo ya mashine za zamani. Programu ya namna hiyo huitwa emuleta.

Aliniomba nimwandikie karatasi moja ya maelezo ili aamue. Niliiandika kwa Kiswahili sanifu, kwa fahari ya mtu aliyetoka kwenye mtihani wa istilahi. Neno emuleta nililikataa; niliona ni Kifaransa kilichovaa kanzu. Sentensi ya katikati ikawa hivi: «Njia ya pili ni kompyuta yenye programu ya kuiga.» Baada ya siku mbili akanipigia simu:

— Yaya, ile ya kuiga, bantu batasema iko ya bongo. Miye minataka orijinale.

Kwa wasomaji wasio wa Katanga: bongo kwetu ni uongo, na orijinale ni kitu ambacho muuzaji anakiapia. Nilikuwa na haraka. Nilimjibu kwamba uamuzi ni wake. Akaenda Likasi, akanunua sanduku.

Michezo mia kadhaa ikawa kama ishirini tu, ikirudiwarudiwa kwa majina mengine na rangi nyingine. Mpira wa miguu uliokuwamo ulikuwa wa kizazi kilichotangulia PlayStation, wachezaji wadogo kama mchwa. Vijana wa jioni walikaa siku moja kwa adabu, kisha wakahamia kwingine. Muuzaji alikataa kurudisha pesa. Mama hakunilaumu, alisema tu kwamba karatasi yangu ilikuwa na Kiswahili kizuri sana.

2. Maneno manne na maswali matatu

Nikarudi kwenye karatasi ile kama mtu anayesahihisha mtihani wake mwenyewe. Katika uwanja huu wa maana tuna maneno manne yanayokutana mara kwa mara.

Asili ni neno la Kiarabu lililozoea nyumba yetu. Linataja chimbuko: kitu kilipoanzia. Nakala pia lina mizizi ya Kiarabu. Linataja kitu kilichotolewa kutoka kwa kingine bila kubadili yaliyomo, na halina lawama: nakala ya cheti, nakala ya gazeti. Bandia ni neno la kupendeza. Maana yake mojawapo ni mwanasesere, mtoto wa kuchezea. Kutoka hapo limefika kwenye noti bandia na dawa bandia: kitu chenye sura ya kingine lakini kisicho na uwezo wake. Kitenzi chake cha karibu ni kughushi.

Mwigo linatokana na kitenzi -iga, na hapa mwanafunzi wa lugha za Kiafrika anapaswa kusimama kidogo. Kitenzi hiki kina ndugu katika lugha nyingine za Kibantu. Katika Kinyarwanda, kwiga ni kujifunza, kusoma shule. Katika Kiganda, okuyiga ni vilevile kujifunza. Mtoto hujifunza kwa kutenda kama anavyomwona mkubwa akitenda. Kwa hiyo ndani ya familia ya neno hili hakuna udanganyifu. Kuna tendo linalorudiwa na mwingine mpaka aliweze.

Katika Kiswahili, hata hivyo, -iga limechukua njia yake. Igiza ni la jukwaani na linaheshimiwa. Lakini iga tupu mara nyingi linasikika kama lawama: mtu asiye na la kwake, au yule wa methali aliyemwiga tembo akapata hasara. Kamusi itakupa maana. Haitakuonya kila mara kuhusu harufu ya neno.

Ukiyapanga maneno haya pamoja na jirani yao mmoja, kuiba, utaona kwamba yanajibu maswali matatu tofauti:

Kuiga hujibu swali la tendo: kitu hiki kinafanya kazi kama kipi?

Kughushi hujibu swali la dai: kitu hiki kinajiita nani, na je, ndiye?

Kuiba hujibu swali la haki: kitu hiki ni cha nani, na ametoa ruhusa?

Kati ya kuiga na kuiba kuna konsonanti moja tu, g na b. Mwalimu wa fonolojia angefurahi kupata jozi kama hiyo. Lakini sokoni konsonanti hiyo husikika kwa shida, na maswali haya matatu humezwa na moja tu: «Ni orijinale?»

3. Tufungue sanduku

Ili kuona kwa nini swali hilo moja halitoshi, lazima tujue kinachotendeka ndani ya mashine.

Nintendo ilitoa Famicom nchini Japani tarehe 15 Julai 1983. Ubongo wake ulikuwa chipu ya jamii ya 6502, yenye mwendo wa karibu megahezi 1.79, na kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2. Mchezo uliokuwa ndani ya kaseti yake ni orodha ndefu ya amri zilizoandikwa katika lugha ya chipu hiyo. Chipu za leo hazisemi lugha hiyo. Mtu anayetaka mchezo ule uchezeke tena ana njia kuu mbili.

Njia ya kwanza ni kuzalisha chipu nyingine inayosema lugha ileile. Ndivyo zilivyofanya mashine nyingi zilizoenea duniani kuanzia miaka ya 1990 bila idhini ya Nintendo. Urusi iliijua michezo hii kwa jina la Dendy, iliyoanza kuuzwa huko mwaka 1992. Kwingine zilikuja mashine zilizoitwa PolyStation: kwa nje zina umbo la PlayStation, kwa ndani ni jamii ya Famicom, mashine ya kizazi cha zamani zaidi.

Njia ya pili ni kuweka mkalimani. Emuleta inasoma amri moja ya chipu ya zamani, inaitafuta maana yake, inaitenda kwa lugha ya chipu mpya, kisha inaendelea na amri inayofuata, mara maelfu kwa maelfu kila sekunde. Mchezo hautambui kwamba umehama nyumba. Sisi tuliosoma ukalimani tunaielewa kazi hii vizuri: mkalimani hajidai kuwa msemaji, ila anafanya maneno ya msemaji yafanye kazi yake mahali pengine.

Na sasa jambo ambalo sikumwambia mdogo wangu, kwa sababu mimi mwenyewe sikulijua. Novemba 2016 Nintendo yenyewe ilitoa NES Classic Edition, sanduku dogo lenye michezo 30, kwa bei ya dola 60 Marekani. Ndani yake hamna chipu ya 1983. Mna chipu ya ARM, mfumo wa Linux, na emuleta. Desemba 2018 Sony ilitoa PlayStation Classic, michezo 20, kwa dola 100. Emuleta yake ni PCSX ReARMed, programu huria ambayo mtu yeyote aliweza kuichukua bure na kuiweka katika kompyuta yake tangu zamani. Yaani mashine iliyo tayari, yenye jina la kweli na idhini ya kweli, inafanya kazi kwa kuiga.

Tuyajaribu maswali yetu matatu. PolyStation: kwa dai, inavaa sura isiyo yake. PlayStation Classic: kwa dai ni ya kweli, kwa haki ina ruhusa, kwa tendo ni mwigo. Kompyuta ya kujitengenezea: kwa tendo ni mwigo uleule, kwa dai haijiiti chochote ila kompyuta, kwa haki, inategemea michezo unayoiweka ndani.

Kwa hiyo mtu anayesema «sitaki ya kuiga, nataka iliyo tayari» anachagua kati ya vitu ambavyo haviko mbali kama maneno yanavyodai. Pande zote mbili zinaweza kuwa mwigo. Tofauti ni nani amefanya kazi ya kuiga kabla yako, na nani ataweza kuitengeneza ikiharibika.

Kuhusu haki, mahakama nazo zimelazimika kutenganisha maneno. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua kwamba kampuni ya Connectix haikuvunja haki za Sony iliponakili programu ya ndani ya PlayStation ili kuichunguza na kuunda emuleta yake. Mwigo ulikubaliwa. Kugawa michezo ya watu bila ruhusa ni jambo jingine kabisa, na kwetu pia sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi.

Hapa chumba cha michezo kilinifundisha kicheko kichungu. PlayStation 2 ya mdogo wangu ilikuwa ya kweli kabisa. Lakini katika rundo la CD zake, mbili tu zilikuwa za kweli, zote za PlayStation ya kwanza. Nyingine zilichomwa sokoni. Kwa miaka miwili mashine orijinale ilikuwa ikicheza michezo ya kuibwa, na hakuna mteja aliyesema ni ya bongo.

4. Kwa nini neno langu liliteleza

Kiswahili cha Katanga kina historia yake. Kilikua kama lugha ya kazi katika miji ya migodi, kati ya watu waliotoka Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini na vijiji vya hapa. Johannes Fabian ameichambua historia hiyo katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni. Vincent de Rooij naye, mwaka 1996, alionyesha jinsi wasemaji wa Shaba wanavyochanganya Kifaransa na Kiswahili na kuhama kutoka mtindo hadi mtindo ili kujenga mazungumzo yao. Somo moja la kazi za namna hii ni kwamba neno la Kifaransa ndani ya Kiswahili chetu halikai pale kama pambo. Lina kazi.

Orijinale lina kazi gani? Nilimwomba mdogo wangu anipe mifano. Akasema: simu orijinale haipoi betri mchana, kiatu orijinale hakiachi soli, vipuri orijinale vinadumu. Hakutaja kiwanda wala chimbuko hata mara moja. Kwake orijinale ni kinachodumu na kisichokuaibisha mbele ya watu. Kinyume chake si nakala. Kinyume chake ni bongo. Neno langu kuiga lilipofika Kakanda halikukuta nafasi ya katikati. Lilisukumwa moja kwa moja upande wa bongo, na sanduku la Likasi likapata kiti cha orijinale bila kulitolea jasho.

Nilikuwa nimeepuka mkopo kwa kuogopa Kifaransa. Lakini neno lililokopwa lina faida moja: halina harufu ya zamani. Lingemlazimisha aniulize, «Emuleta ni nini?» Neno la kwetu lilimfanya aamini ameshaelewa.

5. Tulivyorekebisha, na jinsi ya kuchagua

Nilitoa pesa niliyokuwa nimeweka kwa kuchapisha na kujalidi memwari yangu. Tulinunua kompyuta kuukuu pamoja na skrini yake na manete mbili. Nilikaa Kakanda siku tisa. CD zile mbili za kweli zilisomwa na kompyuta bila shida. Siku ya pili mdogo wangu alikaa mbele ya skrini, akasikiliza muziki wa kufungulia, akasema:

— Kumbe ni ordinatere yenye kufanya sawa vile PlayStation. Sasa juu ya nini ulisema kuiga?

Nikaandika sentensi yake daftarini. Nitairudia hapo chini. Kwanza, kwa yeyote mwenye swali lake, haya ndiyo tuliyojifunza kwa kulipia.

Angalia televisheni kabla ya mashine. NES Classic na PlayStation Classic zinatoa picha kwa waya wa HDMI peke yake. Televisheni yenye matundu ya njano, nyekundu na nyeupe haitazipokea bila kifaa cha kubadilisha. Kompyuta inakuja na skrini yake.

Angalia mchezo unaotaka, si idadi iliyoandikwa kwenye boksi. Michezo ya kizazi cha Famicom inaendeshwa na karibu kompyuta yoyote. Ya PlayStation ya kwanza inaendeshwa na kompyuta ya kiasi. Ya PlayStation 2 inadai kompyuta yenye nguvu; kuukuu ya ofisini itakwama. Ndiyo maana vijana wa jioni hawajarudi wote.

Angalia umeme. Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayouzwa tangu 2012 na kupendwa sana kwa kazi hii, huhifadhi kila kitu kwenye kadi ya kumbukumbu. Umeme ukikatika ghafla wakati inaandika, kadi inaweza kuharibika. Ukichagua njia hiyo, weka nakala ya kadi nzima mahali pengine. Kompyuta ya mkononi yenye betri nzima ni salama zaidi.

Angalia ni nani yuko karibu. Kama hakuna mtu nyumbani wa kufungua programu na kuipanga, sanduku zuri lenye idhini ni uamuzi wa busara, na sina la kumcheka anayelichagua. Kujitengenezea ni bei nafuu kwa mwenye muda. Kwa asiye na muda ni ghali.

Mwisho, usichanganye haki na tendo. Emuleta haikupi ruhusa ya michezo ya watu, na mashine ya kweli haikupi ruhusa hiyo pia.

Mapato hayajarudi yalivyokuwa. Minervale ya muhula huu imelipwa. Memwari yangu bado iko kwenye kompyuta, haijachapishwa. Mdogo wangu amenirudishia nusu.

6. Tunachobaki nacho

Nilifikiri baadaye kutunga istilahi bora. Kiigizi limekwisha kutumiwa na wanasarufi kwa maneno kama chubwi na tuli. Kiigaji kinawezekana: ki- ya chombo na -ji ya mazoea. Lakini bado kinabeba -iga, na harufu yake sokoni. Kwa sasa ninatumia emuleta, kisha ninaweka mara moja sentensi ya maelezo. Sentensi bora niliyonayo haikutoka kamusini: mashine yenye kufanya sawa vile ingine. Tazama ilivyojengwa. Yenye na kitenzi kisichonyambuliwa ndiyo njia yetu ya Katanga ya kuunda kishazi rejeshi; sawa vile inalinganisha matendo, haihukumu. Inajibu swali la tendo, na inaacha dai na haki viulizwe peke yake.

Tunapofundishwa kuunda istilahi, tunapewa vigezo: ufupi, ukawaida, uwezo wa kunyambulika. Ningependekeza kitivo chetu kiongeze kimoja. Kabla ya kuliidhinisha neno, lipeleke kwa mtu atakayelitumia kununua kitu. Mwombe akueleze kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa, kisha nyamaza umsikilize. Simu yangu ile ya dakika mbili ingetosha.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kusanya mifano kumi ya neno orijinale kutoka soko la karibu nawe. Je, linapingana na bongo, na nakala, au na kitu kingine?

2. Linganisha -iga na ndugu zake katika lugha mbili za Kibantu unazozijua. Ni katika lugha ipi maana ya kujifunza imebaki hai?

3. Andika kwa sentensi tatu, bila neno -iga, maelezo ya emuleta kwa mtu wa nyumbani kwako. Msomee, kisha uandike swali la kwanza atakalokuuliza.